Uadilifu wa Msomaji: Swali la Haki katika Uhakiki wa Hadithi Fupi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, swali la maadili limeulizwa kwa muda mrefu, lakini aghalabu limeelekezwa upande mmoja. Tumemwuliza mwandishi: je, kazi yake inaijenga jamii au inaibomoa? Tumewauliza wahusika: nani mwema, nani mwovu, na kwa nini? Ni nadra sana tumgeukie msomaji na kumwuliza iwapo yeye mwenyewe amesoma kwa uadilifu. Makala hii inanuia kulishughulikia swali hilo la tatu. Je, mtu anaweza kuinyima hadithi haki yake? Na ikiwa anaweza, ni nani hasa anayedhulumiwa, maadamu wahusika ni viumbe wa kubuni wasio na damu wala machozi?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wanaofundisha na kuhakiki hadithi fupi nchini Kenya. Mkusanyiko wa hadithi fupi ni miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika mtihani wa KCSE, na mwanafunzi anayejiunga na idara zetu huwa tayari amekwisha kuandika hukumu nyingi juu ya watu wa hadithini: huyu ni katili, yule ni mnafiki, huyu ni mzinduzi. Hukumu hizo alizoea kuziandika kwa haraka, na pengine alizinukuu kutoka kwenye mwongozo kabla ya kuisoma hadithi yenyewe. Tabia hiyo haimtoki kwa sababu tu amefika chuo kikuu na kufundishwa majina ya nadharia.

Hoja yetu ni kwamba kuchanganua hadithi fupi, kabla ya kuwa ufundi, ni tendo la kusikiliza ushahidi. Kasoro kubwa katika uchanganuzi mwingi haitokani na kutojua istilahi, bali na kuhukumu kabla ya kusikiliza. Tutaitetea hoja hii kwa kurejelea hadithi mbili zilizomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka 2016. Hadithi ya kwanza ni "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho. Ya pili ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed. Tumezichagua kwa kuwa, kama tutakavyoonyesha, zinamdai msomaji haki za namna mbili tofauti.

Ufupi na Wajibu

Edgar Allan Poe, katika tahakiki yake ya hadithi za Nathaniel Hawthorne iliyotoka mwaka 1842, alishikilia kwamba hadithi ya namna hii isomeke katika kikao kimoja, na kwamba kila neno lake lielekee kwenye athari moja iliyokusudiwa. Wahakiki wengi wamelichukua dai hilo kuwa ni sharti kwa mwandishi. Tukiligeuza, tunaona kwamba ni sharti kwa msomaji pia. Ikiwa mwandishi haruhusiwi kuweka neno la ziada, basi msomaji naye hana ruhusa ya kuruka neno.

Mhusika wa riwaya ana kurasa mia mbili au zaidi za kujieleza. Msomaji akimdhania vibaya katika sura ya pili, sura ya saba huenda ikamsahihisha. Mhusika wa hadithi fupi hana fursa hiyo. Yeye ni kama shahidi anayeruhusiwa kusema mara moja tu, kwa maneno machache, kisha anateremka kizimbani. Msikilizaji akiwa amesinzia, ushahidi huo umepotea.

Ufupi huzaa pia kimya. Mwandishi wa hadithi fupi huacha mengi bila kuyasema: miaka iliyopita, sababu za uamuzi, aliyoyawaza mtu usiku kabla ya kutenda. Msomaji hana budi kuyajaza mapengo hayo, na hakuna ubaya wowote katika kuyajaza. Ubaya huanza pale anaposahau kwamba ni yeye aliyeyajaza, akakichukulia alichokitia mwenyewe kuwa kimetoka kwa mwandishi.

Fani, Maudhui na Kitenzi "Thibitisha"

Tangu miaka ya 1970, vitabu kama Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976) cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na baadaye kazi za F.E.M.K. Senkoro, vilituzoesha kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. K.W. Wamitila, katika Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake (2002), aliyakusanya na kuyapanua maarifa hayo kwa upana mkubwa. Hapana shaka kwamba mgawanyo huu umetufaa. Umewapa wahakiki wa Afrika Mashariki lugha ya pamoja, na umemwezesha mwanafunzi kuanza kazi pasipo kubabaika.

Hata hivyo, mgawanyo uliokusudiwa kuwa chombo cha kufanyia kazi umegeuka kuwa imani. Maudhui yanadhaniwa kuwa kiini na fani kuwa ganda; na kwa kuwa mwenye njaa hutaka kiini, ganda hutupwa. Cleanth Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kiitwacho The Well Wrought Urn, alionya dhidi ya kuuweka muhtasari wa shairi mahali pa shairi lenyewe. Onyo hilo linaifaa hadithi fupi pia. Anayesema kwamba hadithi "inahusu malezi" hajasema uongo, ila amesema jambo ambalo lingeweza kusemwa na mtu asiyeisoma.

Tatizo hili linaimarishwa na lugha ya maswali yetu. Swali la kawaida humpa mtahiniwa methali au kauli, kisha likamwamuru: thibitisha. Tuchukue methali "Kikulacho ki nguoni mwako". Mwanafunzi anayeambiwa aithibitishe kwa kurejelea "Shogake Dada ana Ndevu" hatapata taabu: yuko aliyeaminiwa nyumbani, na huyo ndiye aliyeleta maangamizi. Hoja zitapangwa moja hadi kumi na alama zitapatikana. Lakini kitenzi "thibitisha" kimekwisha kuamua kwamba kauli ni kweli. Kazi iliyosalia ni kutafuta mashahidi wa upande mmoja. Hakuna alama ya kuonyesha mahali ambapo hadithi inaikataa methali, au inaitilia shaka, au inauliza swali ambalo methali haikuliwaza. Katika mahakama, hakimu anayeandika hukumu kwanza na kuwaita mashahidi baadaye angefutwa kazi. Katika darasa la fasihi tunampongeza.

Ushahidi wa Mtoto

Hadithi ya Chokocho yenyewe ni hadithi juu ya watu wanaosoma vibaya. Bwana Masudi na mkewe Bi. Hamida wana binti aitwaye Safia, ambaye wanamsifu kwa adabu na bidii ya masomo. Safia huletewa nyumbani na rafiki aitwaye Kimwana, na wawili hao hujifungia chumbani kwa kisingizio cha kudurusu. Lulua, mdogo wake Safia, anaona jambo ambalo wazazi hawalioni, analisema, na hasikilizwi. Kimwana ni mwanamume aliyejisitiri kwa mavazi ya kike. Safia anapata mimba, na anafariki akijaribu kuiavya.

Mchanganuzi mwadilifu huanzia pale hadithi inapoanzia, yaani kwenye anwani. Maneno haya matatu mafupi na kitenzi kimoja yana mambo mengi. "Shogake" ni ufupisho wa "shoga yake", kama vile "mamake" au "dadake". Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni neno ambalo wanawake hulitumia kumwita rafiki wa kike. Msomaji anayeijua tu maana ya mitaani iliyoenea baadaye, ile ya mwanamume anayependa wanaume, ataipotosha anwani hata kabla ya kuufungua ukurasa. Ataiona ndevu kuwa jambo la kutarajiwa, ilhali nguvu yote ya anwani ni kwamba shoga hatarajiwi kuwa na ndevu. Basi hapa pana ukinzani wa wazi: neno la kwanza linatuhakikishia kuwa mgeni ni mwanamke, na neno la mwisho linalikanusha.

Tuendelee. "Dada" halikufuatwa na kimilikishi chochote. Anayesema "dada" hivyo hivyo, bila kusema "dada yake" wala "dada yangu", ni mtu wa nyumbani, na kwa desturi zetu ni mdogo wa huyo dada. Anwani, kwa hiyo, si kauli ya msimulizi anayetazama kutoka mbali. Ni sauti ya mtoto. Nacho kitenzi "ana" kipo katika hali ya uthibitisho usio na shaka. Mtoto hasemi kwamba huenda ana ndevu, wala haulizi. Anaripoti alichokiona.

Sasa tunaweza kulielewa tendo la kimaadili lililofanywa na mwandishi. Ndani ya nyumba ya Masudi, neno la Lulua halikupewa uzito wowote. Mwandishi amelitwaa neno hilo lililodharauliwa na kulipandisha juu ya hadithi nzima, mahali ambapo hakuna msomaji anayeweza kulikwepa. Haki ambayo wazazi walimnyima mtoto, muundo wa hadithi umemrudishia. Jambo hili halitaonekana kamwe na msomaji anayeitupa fani ili aiwahi maudhui, kwa sababu hapa fani ndiyo inayotenda haki.

Jina la Kimwana nalo lahitaji kusikilizwa. Kimwana ni msichana mzuri wa kuvutia. Jina hili ni vazi jingine juu ya vazi. Wazazi waliliamini jina na vazi. Mtoto aliuamini uso. Kuna mafunzo makubwa ya uchanganuzi katika tofauti hiyo ndogo.

Je, wazazi wana hatia gani? Majibu mengi yatasema kwamba kosa lao ni kumwamini Safia kupita kiasi. Jibu hilo linaelekea kutuongoza kwenye hitimisho baya, kwamba mzazi mwema ni yule asiyemwamini mtoto wake. Tukiisoma hadithi kwa makini zaidi, tunaona kwamba kuamini si kosa. Kosa ni kugawa imani kwa kufuata cheo cha msemaji badala ya uzito wa ushahidi. Mkubwa mwenye sifa nzuri aliaminiwa bila kuulizwa. Mdogo aliyeona kwa macho yake hakuaminiwa. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliijadili kwa kina dhuluma ya aina hii, yaani kumpunguzia mtu uaminifu kwa sababu ya yeye ni nani na wala si kwa sababu ya alichokisema. Chokocho ameionyesha dhuluma hiyo ikitendeka sebuleni, kwa upole, na watu wanaowapenda watoto wao.

Hapa ndipo msomaji anapojikuta mahali pabaya. Akiandika kwamba Safia ni mnafiki aliyevuna alichokipanda, amefanya kama wazazi wale wale. Nao waliyatazama mambo juu juu, wakamsifu. Yeye ameyatazama juu juu, akamlaumu. Sehemu kubwa ya sifa za Safia inatufikia kupitia vinywa vya wazazi waliokuwa wamekosea. Safia mwenyewe amekufa na hawezi kujitetea. Ni nani aliyepima hofu ya binti ambaye amesifiwa mno hata hana njia ya kukiri kwamba ameteleza? Na mwenye ndevu je? Jibu linalomaliza kurasa mbili likimhukumu Safia na kumtaja Kimwana kwa sentensi moja limemlipisha marehemu deni la watu wawili. Hadithi haimwondolei Safia jukumu la matendo yake. Inachokidai ni kwamba jukumu hilo ligawanywe kwa haki.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba maneno haya yote ni ya ziada, kwa kuwa Safia hakuwahi kuwepo. Asiyekuwepo hadhulumiwi. Isitoshe, tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi katika miaka ya 1960, msomaji amepewa uhuru wa kuifasiri matini apendavyo.

Tunakubali kwamba Safia hadhulumiwi. Tunakubali pia kwamba fasiri ni nyingi. Lakini wingi wa fasiri si sawa na kutosoma. Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana kuhusu ukubwa wa hatia ya Bi. Hamida baada ya wote wawili kumsikiliza Lulua, na tofauti hiyo ni utajiri. Asiyemsikiliza Lulua hana fasiri; ana dhana aliyokuja nayo. Wayne Booth, katika The Company We Keep (1988), aliifananisha hadithi na rafiki, akauliza ni sahibu wa namna gani tunayemkaribisha tunaposoma. Sisi tunaligeuza swali: hadithi nayo imepata sahibu gani?

Je, anayesoma kwa haki atakuwa mtu wa haki? Hapa inafaa tuwe waangalifu. Historia imejaa wasomi waliosoma sana na kudhulumu sana, na hatuna sababu ya kudai kwamba fasihi ni dawa ya roho. Dai letu ni dogo zaidi. Usomaji ni mahali pamoja ambapo tabia ya kuhukumu inaweza kuonekana na kurekebishwa, kwa sababu ushahidi wote umo katika kurasa na unaweza kurudiwa. Jirani tuliyemhukumu jana hatuwezi kumfungua tena katika ukurasa wa tatu. Hadithi tunaweza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inasemwa kwamba wito wa kusikiliza pande zote unaweza kumfanya msomaji mwoga, asiyeweza kumwita dhalimu kwa jina lake. Utamaduni wetu wa ngano haukuogopa kuhukumu: zimwi ni zimwi, na msikilizaji hakuombwa kuzielewa shida zake.

Tuangalie "Tumbo Lisiloshiba". Katika mtaa wa Madongoporomoka, Jitu lenye mwili mkubwa ajabu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote kilichopo, na linaahidi kurudi. Kisha yanakuja mabuldoza kuvunja makao ya wanyonge, na wenyeji wanakataa kuhama. Mwanafunzi aliyeshika kanuni ya kusikiliza pande zote kama mashine angeuliza: mbona mwandishi hakutupa mawazo ya Jitu? Je, hakulidhulumu?

Jibu limo katika jina. Jitu ni ukubwa wa mtu, na ukubwa huo wa kisarufi umeondoa kitu: tunazungumza juu ya "li-", si juu ya "a-". Halina jina la kupewa na mama. Said A. Mohamed ameliazima kutoka katika ulimwengu wa ngano, ambako mla-vyote hana saikolojia bali ana tumbo. Hadithi haimchunguzi mtu mmoja mwenye uchu. Inaupa umbo uchu wenyewe, ule unaomeza ardhi za maskini. Kudai usawa kati ya Jitu na Mzee Mago si uadilifu. Ni kutoisikia hadithi inasema kwa lugha gani.

Kwa hiyo pingamizi hili halivunji hoja yetu, bali linaisahihisha. Haki katika usomaji si kutopendelea upande wowote. Ni kuipa kila hadithi aina ya usikivu inayoistahili. Hadithi ya Chokocho imewaweka mbele yetu watu wa kawaida walionaswa katika makosa ya kawaida. Humo, kuhukumu haraka ni dhuluma. Hadithi ya Said A. Mohamed imeweka mbele yetu nguvu inayomeza. Humo, kusitasita kuhukumu ndiko dhuluma. Msomaji anayezisoma zote mbili kwa kipimo kimoja lazima ataikosea mojawapo.

Utaratibu wa Usomaji

Yafuatayo hayana upya wa nadharia, lakini yanatokana na hoja tulizozitoa. Kwanza, hadithi isomwe hadi mwisho kabla ya kalamu kushikwa na kabla ya mwongozo kufunguliwa. Pili, isomwe tena, na mara hii swali liwe: nani anasema? Wanafunzi wetu tayari wanalo chombo cha kulijibu. Swali la muktadha wa dondoo, ambalo hulijibu kwa alama nne, huwadai wataje msemaji, msemewa, mahali na sababu. Wengi huliona kuwa swali la kukariri. Kwa hakika ndilo lenye uadilifu mkubwa kuliko yote katika karatasi nzima, kwa kuwa linakataza neno lolote kupimwa kabla ya kujulikana nani kalisema, kwa nani, wapi na kwa nini. Inafaa chombo hicho kitolewe kwenye dondoo na kutumiwa kwa kila sifa tunayompachika mhusika.

Tatu, mchanganuzi aorodheshe yaliyoachwa bila kusemwa, na apambanue alichokisoma na alichokijaza. Nne, akishapata dai lake, atafute ndani ya hadithi ushahidi unaolipinga. Dai lililokutana na upinzani wake likasimama lina thamani kuliko hoja kumi za upande mmoja. Tano, ndipo ahukumu, na ahukumu bila woga.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba msomaji anaweza kuikosea hadithi haki, na kwamba hasara ya kosa hilo humwangukia msomaji mwenyewe na wale watakaohukumiwa naye baada ya kitabu kufungwa. Tumeonyesha pia kwamba haki hiyo haina umbo moja, bali hufuata aina ya hadithi. Ikiwa hoja hizi zina mashiko, basi mzigo hauwezi kuachiwa wanafunzi peke yao. Wanaotunga maswali, katika shule na katika idara zetu, wana wajibu wa kupunguza "thibitisha" na kuongeza "jadili", na wa kutenga alama kwa mtahiniwa atakayeonyesha mahali ambapo methali aliyopewa haitoshi. Mwanafunzi hawezi kutarajiwa kumsikiliza Lulua katika mtihani ambao hauna alama hata moja ya kumsikiliza.